Joka, Jini na Sebule: Watazamaji wa Kibaha na Kisarawe

Wapenzi wa filamu wamezoea kuzigawa mafungu mawili: filamu za ajabu, zenye majini na mazimwi, na filamu za maisha, zenye mapenzi, ndoa na urithi. Mgawanyo huu ulipoingia nchi ya Wazaramo na Wakwere, mpaka wake ulihama.

Wazaramo wa Kisarawe, kwa vizazi vingi, walimjua Kolelo, joka lenye pango lake katika milima ya Uluguru, lililopelekewa sadaka ili mvua inyeshe. Aliyelelewa na habari hizo, akaja kuiona Nagina, filamu ya Kihindi ya mwaka 1986 ambamo Sridevi ni nyoka aliyevaa umbo la mwanamke, angeiitaje njozi? Swali lake lilikuwa jingine: je, nyoka yule alitendewa haki? Na hilo ni swali la filamu za maisha.

Upande wa pili nako mambo yaligeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza katika Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba na vitimbi vya mjini. Hayo hayakuhitaji maelezo kwa watu wanaouza mkaa na muhogo wao Dar es Salaam. Lakini baada ya Girlfriend ya George Tyson, mwaka 2003, filamu za Bongo zilizidi kuhamia kwenye majumba ya ghorofa na sebule zenye makochi ambayo hakuna anayeyakalia ila kwa ugomvi. Mtazamaji aliyebanana na wenzake juu ya benchi huko Maili Moja, Kibaha, aliwaelewa majini bila taabu. Kilichomshangaza ni sebule.

Ndiyo maana lawama za wasomi dhidi ya Shumileta ya Mussa Banzi, ya mwaka 2005, kwamba filamu za namna hiyo zinarudisha ushirikina, hazina uzito mkubwa. Jini mwanamke anampenda binadamu. Kinachobishaniwa ni ahadi, wivu na haki ya mke. Na Visiwani, palipotikiswa na popobawa mwaka 1995, si mahali pa kumcheka mtu wa Bara kwa hilo.

Unguja ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, ilhali Bara ilingoja hadi 1994. Katika pengo hilo, na hata baada yake, mikanda ya video na vibanda vyake ndivyo vilivyolea jicho la watu wengi. Humo filamu haikutazamwa kimya. Mfasiri aliisimulia kwa Kiswahili, na aliyevuma kuliko wote, Lufufu, hakufuata neno kwa neno: alifafanua, alitania, alimkaripia mhusika. Wasikilizaji nao walijibu. Aliyedhani shujaa kakosea alisema papo hapo, na jirani yake akampinga kabla ya mkanda kwisha. Maoni yale, yaliyokuwa uhakiki wa kweli wa filamu, hakuna aliyeyaandika. Leo filamu hutazamwa kwenye simu, kila mtu na vipokea sauti vyake masikioni, na jini huja na kuondoka bila ya mtu kumtetea mke.