Uyoga Uliokua Chini ya Paris

Mwaka 1707, mtaalamu wa mimea Joseph Pitton de Tournefort aliwaeleza wanasayansi wenzake wa Ufaransa jinsi wakulima wa bustani walivyootesha uyoga kwenye matuta ya samadi ya farasi. Matuta yalikaa nje, yakipigwa na jua na mvua. Hali ya hewa ikichafuka, mavuno yalipotea.

Karne ya 19 kilimo hicho kikashuka ardhini. Paris ilijengwa kwa mawe ya chokaa yaliyochimbwa chini yake yenyewe, ikabaki na mahandaki yenye giza, unyevu na ubaridi usiobadilika mwaka mzima. Samadi nayo ilikuwa bwerere, maana magari ya jijini yalivutwa na farasi. Wakulima waliteremka na taa zao kufanya kazi ya kuvunja mgongo, ambayo walaji wa mikahawa ya juu, bila shaka, hawakuiwazia.

Udhaifu ulikuwa kwenye mbegu: ilitolewa kwenye tuta kuukuu, ikaja na magonjwa yake. Mwaka 1893, Taasisi ya Pasteur ilipata njia ya kuandaa mbegu safi.

Jiji lilipotanuka, wakulima wengi walihamia mapango ya Saumur, karibu na mto Loire. Uyoga mweupe unaouzwa leo katika maduka makubwa ya Nairobi ni wa spishi ileile ya uyoga huo wa Paris, Agaricus bisporus.