Kabla Gofu Iwe ya Madili, Ilikuwa ya Mabeshte

Siku hizi msee akikuambia ameanza kucheza gofu, hatakuambia anapenda mchezo. Atasema ni koneksheni. Ati dili kubwa za Nairobi zinafungwa kwa nyasi, wala si ofisini. Sawa, labda. Lakini hebu ingia kwa baa ya klabu yoyote jioni ile ya wanaume, uketi kando, usikilize. Dili husikii. Unasikia watu wazima wakichomana: nani amezamisha mipira mitatu kwa kidimbwi kimoja, nani hupiga sita halafu anaandika nne, nani hajalipa raundi ya wiki jana. Maoni yangu ni haya: hizo kelele ndizo gofu yenyewe. Koneksheni ilikuja baadaye ikakaa mbele.

Tuanze Scotland, mwaka 1457. Bunge la Mfalme James II lilipiga marufuku futboli na gofu kwa pamoja. Vijana walitakiwa wafanye mazoezi ya mishale kwa sababu adui, yaani Waingereza, alikuwa hapo tu mpakani. Marufuku ikarudiwa 1471. Ikarudiwa tena 1491. Ukiona serikali inakataza kitu kimoja mara tatu, jua hakuna aliyekuwa anasikiza.

Sasa ruka hadi 1744, Leith, bandari ya jiji la Edinburgh. Kulikuwa na uwanja wazi karibu na bahari, mali ya umma, wenye mashimo matano tu. Hapo palikuwa na mbogi ya mawakili, madaktari, majaji na wafanyabiashara. Wakimaliza kucheza wanaingia kwa tavern ya mama aliyeitwa Luckie Clephan, wanakula, wanakunywa mvinyo wa Ufaransa, wanabishana na kuwekeana madau. Miaka mingi baadaye mwandishi Tobias Smollett aliweka wazee wa gofu wa Leith kwa riwaya yake ya 1771, na hata yule mdogo kati yao alikuwa amepita miaka 80. Pombe ilikuwa sehemu ya picha.

Mwaka huo wa 1744 baraza la jiji likawapa fimbo ya fedha washindanie. Hapo ndipo mambo yalibadilika. Mkiwa mabeshte mnaobishana kila wiki, ubishi unaisha kwa meza. Kukiwa na zawadi ya fedha ya jiji, lazima mtu aandike. Wakaandika sheria 13, za kwanza kabisa za gofu tunazozijua, zikatosha kwa ukurasa mmoja hivi.

Zisome kama mtu aliyewahi kucheza mpira mtaani na utacheka. Moja inasema mpira wako ukizuiwa na mtu, farasi, mbwa au kitu kingine chochote, upige hapo hapo ulipolala. Nyingine inahusu mpira ukiangukia maji au uchafu wa majimaji, na sitaki kuuliza ni uchafu gani ulikuwa uwanja wa umma karne ya 18. Mimi naamini kila sheria hapo ni ugomvi wa mtu fulani. Haiwezekani watu wakae chini wamfikirie mbwa kama mbwa hajawahi kuharibu siku ya mtu.

Wenzao wa St Andrews, mji mwingine wa gofu huko huko, walikuwa na kitu ambacho Mkenya yeyote ataelewa haraka. Mwaka 1766 walikubaliana wakutane kila baada ya wiki mbili saa tano asubuhi, wacheze raundi, halafu wale chakula pamoja. Kila mtu shilingi moja. Umekuja, unalipa. Hujakuja, bado unalipa. Hiyo ni chama, buda! Imekosa tu mweka hazina anayetuma meseji usiku.

Nisiwapambe sana. Hii ilikuwa meza ya waungwana, na mtu wa kuwabebea fimbo hakuitwa kula. Huo mpangilio ulisafiri hadi huku kwetu. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa 1906, na kwa miongo mingi Mwafrika aliingia viwanja kama hivyo akiwa amebeba begi la mwingine. Kwa hivyo nikisema mabeshte, jua ni mabeshte wa tabaka fulani.

Sasa sikiza kilichowapata. Aliyeshinda ile fimbo ya fedha mara ya kwanza aliitwa John Rattray, daktari wa upasuaji. Mshindi ndiye aliyekuwa kapteni, na jina lake liko chini ya zile sheria. Akashinda tena 1745. Miezi michache baadaye vita vikaja. Charles Edward Stuart, mjukuu wa mfalme aliyeng'olewa, alitua Scotland kudai kiti cha babu yake. Septemba 1745 jeshi lake likapiga la serikali pale Prestonpans, si mbali na Edinburgh. Rattray aliamshwa kitandani akatibu majeruhi. Hakurudi kwa maisha yake ya kawaida. Akafuatana na hilo jeshi kama daktari wa mkuu huyo hadi mwisho.

Upande ule mwingine alikuwako Duncan Forbes, jaji mkubwa zaidi Scotland. Yeye aliandika barua juu ya barua kuwazuia machifu wa koo wasijiunge na uasi. Alikuwa pia mgonjwa wa gofu, mmoja wa wale wale wa Leith. Inasimuliwa kwamba theluji ikifunika nyasi, aliteremka kucheza kwa mchanga wa ufuo. Na nyumba yake ilikuwa Culloden.

Ndiyo, Culloden hiyo hiyo. Tarehe 16 Aprili 1746, karibu na nyumba ya Forbes, jeshi la Stuart lilisagwa kwa muda usiofika saa moja. Rattray akajisalimisha. Adhabu ya uasi ilikuwa kifo. Zaidi ya watu 100 waliuawa baada ya kesi, na mamia wakapakiwa meli kwenda kufanyishwa kazi ng'ambo ya bahari.

Forbes akamwombea. Jaji wa serikali, ambaye waasi walikuwa wamelala nyumbani kwake kabla ya vita, alisimama kwa ajili ya daktari wa adui kwa sababu walikuwa wamecheza pamoja. Rattray akaachiliwa, akakamatwa tena, akapelekwa London, na mapema 1747 akawa huru.

Wueh. Hapa ndipo mimi hukwama. Unaweza kusema hiyo ndiyo koneksheni sasa, na wale walionyongwa walikosa tu mtu wa kucheza naye. Siwezi kukubishia. Lakini hakuna aliyeenda kwa Luckie Clephan akipanga kwamba siku moja yule jaji atamtoa jela. Walienda kucheka mtu aliyekosa shimo.

Forbes alikufa Desemba 1747. Rattray alirudi Leith, na mwaka 1751 akashinda fimbo ya fedha mara ya tatu.