Kupotelewa: neno la msiba usio na tanga

Fomu ya taarifa za mwanafunzi ina mstari unaosema: Baba, hai / amefariki, futa isiyohusika. Mwanzoni mwa 2015, katika shule moja ya mkoa wa Shinyanga nilikokuwa nikifundisha Kiswahili, binti wa kidato cha tatu alinirudishia fomu yake bila kufuta lolote. Juu ya maneno yale mawili alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, herufi zimebanana: Geita.

Nilimwita nikidhani hakulielewa swali. Kumbe alikuwa amelielewa kuliko aliyelitunga. Baba yake aliondoka yeye akiwa darasa la pili, akaenda kuchimba Rwamgasa. Baadaye wakasikia yuko Nyarugusu. Kisha simu ikawa haipatikani. Mara ya mwisho alipopiga alisema duara, yaani shimo lao, likitema dhahabu atarudi. Tangu hapo hakuna aliyeleta habari ya kifo, wala ya ndoa nyingine, wala ya gereza. Mama yake alipokuja kwenye kikao cha wazazi tulikaa chini ya mwembe, naye akanieleza hali yake kwa sentensi ambazo sijazisahau: "Mwalimu, ningejua amekufa ningenyoa. Ningejua ameoa huko, ningeolewa. Sasa mimi nishike lipi?"

Wanasaikolojia wana jina la hali hiyo. Mmarekani Pauline Boss aliitafiti katika miaka ya 1970 kwa kukaa na familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, watu ambao miili yao haikurudishwa na majina yao hayakuwa kwenye orodha ya waliokufa. Akaiita "ambiguous loss", na mwaka 1999 akachapisha kitabu chenye jina hilo. Anasema hali hii ina sura mbili. Ya kwanza ni ya mtu ambaye mwili wake haupo lakini moyoni na nyumbani bado yupo. Ya pili ni kinyume chake: mwili upo, umeketi hapo mlangoni, lakini mwenyewe ameondoka, iwe kwa ulevi, kwa ugonjwa wa akili au kwa usahaulifu wa uzee. Jambo ninaloliona kubwa zaidi katika kazi yake ni kwamba anakataa kumwita mgonjwa mtu anayeteseka hivyo. Kilichoharibika ni hali aliyowekwa ndani yake. Mtu mwenyewe ni mzima.

Tuliseme vipi kwa Kiswahili? Nimewahi kuona watu wakijaribu "hasara tata" na "upotevu wenye utata", na yote mawili yananiudhi. Ukanda huu wa dhahabu, hasara ni neno la karashani: umebeba mifuko ya mawe, umelipa kusagiwa, umeosha, na kwenye mwalo hakuna kitu. Upotevu ni neno la kituo cha polisi, unakokwenda kuandikisha kitambulisho kilichodondoka kwenye daladala. Utata nao una makosa yake. Magazeti yetu yanapoandika kifo chenye utata, msomaji anafikiri sumu, mgogoro wa shamba, upelelezi unaendelea. Mama yule wa chini ya mwembe hakuwa na mtu wa kumshuku.

Wengine watasema neno lipo tayari, ni kutelekezwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalitambua jambo hilo, na mwenzi akikutelekeza kwa kusudi miaka mitatu au zaidi, mahakama inaweza kulichukua kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Lakini kutelekezwa ni hukumu. Anayesema nimetelekezwa ameshajua kwamba yule mtu yu hai na kwamba aliamua. Mama huyu hajui hata hilo moja. Ukimwambia ametelekezwa, umemsingizia mtu ambaye huenda mifupa yake iko chini ya matimba ya shimo lililoanguka.

Mimi nashika kupotelewa.

Tazama jinsi lugha yetu inavyomshughulikia anayebaki. Kufa ni kwake aliyekufa. Ongeza viambishi upate kufiwa, na hapo anayebaki ndiye anayekaa mbele ya sentensi: mama amefiwa na mume. Lugha imempa kiti, imempa na jina, mfiwa, na kwa sababu ana jina watu wanajua la kufanya. Wanaleta maharage na kuni, wanalala pale, wanachanga, siku ikifika wanaanua tanga. Fanya vivyo hivyo kwa kupotea: kupotelea, kupotelewa. Mama amepotelewa na mume. Anayebaki amekaa tena mbele ya sentensi, na hakuna aliyehukumiwa. Kutoka hapo tunapata mpotelewa, ambaye leo hakuna anayempelekea maharage wala kuni.

Najua pingamizi. Watu husema wamepotelewa na pesa, au na ng'ombe. Mimi hapo ndipo neno linaponifurahisha, hasa huku usukumani. Aliyepotelewa na ng'ombe hakai matanga. Anafuata nyayo, anauliza kila anayekutana naye njiani, anasimama malamboni, na usiku akisikia kengele anatoka nje. Hivyo ndivyo anavyoishi mpotelewa wa mtu. Kupotea kwetu pia kunabeba ile sura ya pili ya Boss bila kulazimishwa, kwa kuwa mtu aliyeharibikiwa tunasema amepotea hata kama tunamwona kila asubuhi. Unaweza kupotelewa na baba aliyeketi kwenye kigoda uani.

Wanafunzi wangu walilielewa hilo kwa Mzee Lomolomo. Yeyote aliyesoma sekondari nchini kwa miaka mingi iliyopita anamkumbuka, baba mlevi katika Watoto wa Maman'tilie ya Emmanuel Mbogo, ambaye mkewe analisha nyumba kwa kupika na kuuza chakula. Ukiwauliza watoto wa huku kuhusu baba zao, wanatazama dawati. Uliza kuhusu Mzee Lomolomo, darasa zima linanyoosha mikono. Binti yule aliyeandika Geita, mpole siku zote, aliandika kurasa tatu na nusu juu yake. Alimkasirikia, akamtetea, halafu akamkasirikia tena katika aya hiyohiyo. Mwongozo wa kusahihisha ulitaka dhamira nne na mifano. Nilimpa alama zote, na sijutii.

Takadini ya Ben Hanson nayo huwagusa kwa namna yake. Ni habari ya Sekai, mama anayekimbia na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe. Wanaisoma watoto wa mkoa ambao, mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi kuanzia 2007 hivi, ulianza kupokea watoto katika shule ya Buhangija ili wawe salama. Sekai alikimbia na mwanawe mgongoni. Wapo wa Buhangija walioachwa getini na wazazi walio hai, na wengine hawakuwaona tena kwa miaka. Tulipofika sura za kukimbia, mwanafunzi mmoja aliomba tuzisome kwa sauti mara ya pili.

Filamu zinafanya kazi nyingine, na niliijua kwa jirani yangu. Mwigizaji Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Kwa siku kadhaa banda umiza la mtaani kwetu lilionyesha filamu zake mfululizo, mchana na usiku. Jirani huyo, ambaye mumewe alikuwa amekwenda machimboni miaka sita kabla, aliingia kila siku na khanga mbili, akalia hadi sauti ikakauka. Wengine walimcheka kwamba anamlilia msanii kuliko mama mzazi. Mimi nilimletea maji. Miaka sita hakuwa amepata mahali pa kulia ambapo hakuna atakayemwuliza, "Kwani umethibitisha?" Banda lile, lenye viti vya mbao na jenereta linalonguruma nyuma ya turubai, lilimpa tanga alilonyimwa. Siku filamu zilipobadilishwa zikaja za mapigano, hakurudi.

Novemba mwaka uleule wa fomu, 2015, zikaja habari za Nyangarata, wilayani Kahama. Wachimbaji waliokuwa wamefukiwa tarehe 5 Oktoba walipatikana tarehe 15 Novemba, watano wakiwa hai. Siku 41 walikula mizizi, mende na vyura, wakanywa maji yanayochuruzika kwenye miamba. Siku 41: kwa desturi ya pwani arobaini ingekuwa imeshasomwa jana yake. Kila nyumba ya mkoa huu yenye mtu aliyepotelea shimoni ilikaa karibu na redio wiki ile, hata zile ambazo mtu wao aliondoka miaka minane nyuma na kuelekea upande mwingine kabisa.

Binti alinisimulia Jumatatu yake, tukiwa tunakusanya madaftari. Mama alisikiliza majina yote matano. Yaliposomwa mara ya pili akayasikiliza tena. Hakulia wala hakusema kitu. Alizima redio, akachukua simu yake ndogo, yenye laini ileile ambayo miaka yote amekataa kuibadilisha, akaenda nayo dukani kuichaji.