«Chema Chajiuza, Kibaya Chajitembeza»: Historia ya Biashara ya Magitaa ya Chuma ya Hawaii

0. Utangulizi

Waswahili husema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kwamba bidhaa njema huwavuta wanunuzi kwa uzuri wake, na ile mbovu ndiyo inayozungushwa mlango kwa mlango. Methali hii husemwa sokoni, na husemwa pia nyumbani ili kuwaonya vijana kuhusu mwenendo wao. Ni mara chache kuulizwa kama historia ya biashara inaiunga mkono. Makala haya yanakusudia kuipima methali hiyo kwa kufuata safari ya bidhaa moja, yaani gitaa la chuma la Hawaii: lile la kulazwa mapajani, na lile kubwa zaidi linalosimama juu ya miguu yake mbele ya mpigaji. Chombo hicho kilitembezwa mlango kwa mlango, kikaja kudharauliwa, kisha kikatafutwa kwa bei kubwa, ilhali hakikuwa kimebadilika.

Hapana budi kwanza kueleza jina. Gitaa hili haliitwi la chuma kwa sababu ya mwili wake, ambao mara nyingi ni wa mbao. Jina linatokana na kipande cha chuma ambacho mpigaji hukishika kwa mkono wa kushoto na kukitelezesha juu ya nyuzi. Nyuzi huinuliwa juu ya shingo, na mistari iliyochorwa shingoni ni alama tu za kuliongoza jicho. Kwa njia hiyo sauti hupanda na kushuka pasipo kukatika, mfano wa sauti ya mwimbaji.

1. Kutoka Laie hadi Broadway

Masimulizi yanayokubaliwa na wengi yanamtaja Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Laie, kisiwani Oahu, kuwa ndiye mwanzilishi wa upigaji huu. Inasemekana kwamba yapata mwaka 1889, akiwa bado kijana, alianza kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, kisha akaukuza ufundi huo akiwa mwanafunzi wa shule ya Kamehameha mjini Honolulu. Wakati huo Hawaii ilikuwa bado dola yenye wafalme wake. Mwaka 1893 Malkia Liliuokalani alipinduliwa na kundi lililoongozwa na wafanyabiashara wenye asili ya Marekani na Ulaya, na mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani.

Kekuku aliondoka Hawaii mwaka 1904 kwenda kupiga muziki na kufundisha ng'ambo. Mwaka 1912 mchezo wa jukwaani uitwao The Bird of Paradise uliwaleta wanamuziki wa Hawaii mbele ya watazamaji wa Broadway, mjini New York. Mwaka 1915 maonyesho makubwa ya San Francisco yaliuvuta umma katika banda la Hawaii, na mwaka uliofuata sahani za santuri za muziki wa Hawaii ziliuzwa kwa wingi mno nchini Marekani. Nchi iliyopoteza utawala wake ikawa inasikilizwa katika sebule za wale waliouchukua utawala huo.

2. Gitaa latembezwa

Walionunua santuri walitaka pia kupiga wenyewe, na mafundi wakaitikia haja hiyo. Hermann Weissenborn, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Los Angeles, alitengeneza katika miaka ya 1920 magitaa ya mbao ya koa, mti wa Hawaii, yenye shingo iliyo wazi ndani ili sauti iongezeke. Mwaka 1927 kampuni ya National ilitoa gitaa lenye mwili wa madini na sahani tatu za alumini ndani yake. Mwaka 1932 Adolph Rickenbacker na George Beauchamp wakaanza kuuza gitaa dogo la alumini lililotumia umeme, ambalo kwa umbo lake liliitwa kikaango. Hivyo basi, gitaa la umeme la kwanza kupata soko la kweli lilikuwa gitaa la Hawaii. Mwaka huo huo Kekuku alifariki huko New Jersey, mbali na Laie.

Jambo linalohusu methali yetu zaidi ni namna magitaa haya yalivyowafikia watu wa kawaida. Kampuni ya Oahu, iliyokuwa na makao yake mjini Cleveland, haikutengeneza magitaa yenyewe, bali iliyaagiza kutoka kwa watengenezaji wengine na kuyatia jina lake. Bidhaa yake hasa ilikuwa mafunzo. Mawakala wake walipiga hodi nyumba hadi nyumba, wakiwashawishi wazazi kuwaandikisha watoto. Mtoto alianza kwa gitaa jepesi, na akiendelea aliuziwa lililo bora zaidi, pamoja na vitabu vya nota na ampilifaya. Gitaa na mwalimu viliuzwa kama kitu kimoja.

Je, kwa kuwa yalitembezwa, magitaa hayo yalikuwa mabaya? La hasha. Mengine yalikuwa duni, lakini mengine yalitoka katika karakana zilizosifika. Aidha, kampuni zenye jina kubwa nazo hazikukaa zikingoja. Gibson ilitoa modeli EH-150, ambayo namba yake ilitokana na bei ya takriban dola 150 kwa gitaa na ampilifaya. Leo Fender naye alianza biashara ya vyombo vya muziki mwaka 1945 kwa magitaa ya mapajani, miaka mitano kabla ya kutoa gitaa la kawaida la umeme lililompatia sifa duniani.

3. Gitaa ladharauliwa

Gitaa la Hawaii lina kikomo kimoja. Kipande cha chuma kimenyooka, nacho hugusa nyuzi zote mahali pamoja, kwa hiyo miafaka inayopatikana hutegemea namna nyuzi zilivyokazwa. Ili kukivuka kikomo hicho, mafundi waliongeza shingo: mbili, tatu, hata nne, kila moja ikiwa na mkazo wake. Uzito ulipozidi kile ambacho mapaja yangeweza kubeba, magitaa yalitiwa miguu. Don Helms, aliyempigia mwimbaji Hank Williams, alitumia Gibson yenye shingo mbili za nyuzi nane nane.

Mwanzoni mwa mwaka 1954 wimbo Slowly wa Webb Pierce ulisikika kote, na ndani yake Bud Isaacs alipiga gitaa lenye pedali ambazo zilibadilisha mkazo wa baadhi ya nyuzi huku zikiendelea kulia. Pedali zilikuwapo tangu kabla ya hapo, lakini wimbo huu uliwafanya wapigaji wengi wazitake. Kwa muda mfupi magitaa ya shingo nyingi yasiyo na pedali yakaonekana ya kizamani. Vijana nao walikuwa wamegeukia muziki wa roki na gitaa la kusimama nalo. Shule za mlango kwa mlango zilififia, na vyombo vikaishia darini, chini ya vitanda na katika maduka ya rehani.

Hapa methali inapata mtihani wake mgumu. Mbao zilikuwa zile zile, sumaku zile zile, na sauti ile ile. Kilichopungua ni watu waliojua kupiga. Chema hakikujiuza, kwa sababu hapakuwa na wa kukitambua.

4. Gitaa latafutwa

Mabadiliko yaliletwa na wapigaji. Mwaka 1972 Jerry Byrd, aliyekuwa mpigaji mashuhuri wa Nashville na ambaye hakuwahi kuridhia pedali, alihamia Honolulu, akawafundisha vijana wa Hawaii sanaa iliyokuwa imeanza kuadimika nyumbani kwake. David Lindley aliifanya sauti ya magitaa ya mapajani isikike katika roki ya California, na mwaka 1994 Ben Harper alitoa albamu yake Welcome to the Cruel World akitumia gitaa la Weissenborn. Kila msikilizaji aliyeuliza «chombo hicho ni kipi?» alikuwa mnunuzi wa kesho.

Ndipo biashara ya magitaa makuukuu ikapata elimu na adabu yake. Mnunuzi makini huanza kwa sumaku. Katika magitaa ya Rickenbacker, sumaku za umbo la kiatu cha farasi za kabla ya Vita vya Pili zina upana wa inchi moja na nusu, na zile za baada ya vita inchi moja na robo. Tofauti hiyo ya robo inchi huathiri sana bei. Kisha hufungua kifuniko na kusoma namba zilizogongwa kwenye vidhibiti vya sauti, ambazo humtambulisha aliyevitengeneza pamoja na mwaka na wiki. Hukagua mwili wa bakelaiti usiwe na ufa, na huuliza kama waya wa sumaku umewahi kuzungushwa upya. Wengi hubadilishana gitaa kwa gitaa. Muuzaji mwaminifu hutaja kila kilichobadilishwa kabla ya kuulizwa, kwa kuwa katika jumuiya ndogo jina likiharibika halitengenezeki kwa urahisi.

Lakini soko hilo lina ubaya wake. Kwa kuwa sehemu za gitaa la kawaida la zamani zina bei kubwa, wako wanaonunua gitaa la mapajani ili kulichinja: hung'oa sumaku ya Gibson au Fender na vigingi vya kukazia nyuzi, kisha huvipandikiza katika gitaa jingine. Mwili unaobaki hauna kazi. Kwa mfanyabiashara hiyo ni faida, lakini chombo kilichokwepa moto na mchwa kwa miaka themanini huwa kimekufa mikononi mwa mtu anayekijua vizuri.

5. Uhusiano na Kongo

Habari hizi haziko mbali na Kongo kama inavyodhaniwa. Sumaku ambazo Gibson na Fender walizitumia baada ya vita ni za aloi ya alumini, nikeli na kobalti, na katika miaka ya 1940 na 1950 mzalishaji mkuu wa kobalti duniani alikuwa Kongo, kutoka migodi ya Katanga. Hakuna awezaye kuthibitisha sumaku fulani ilitoka shimo gani, lakini madini ya nchi hii yalikuwa na nafasi kubwa katika soko zilimotoka sumaku hizo.

Sauti nayo ilifika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Zacharie Elenga, aitwaye Jhimmy, aliyerekodi katika studio ya Opika mjini Léopoldville, alisifika kwa mtindo wa gitaa ulioitwa «hawaïenne». Magitaa ya kulazwa mapajani hayakuwa chombo cha kawaida katika bendi za Kongo, lakini jina la visiwa vile vya mbali lilitosha kuwaeleza wasikilizaji ni mlio gani uliokusudiwa.

6. Hitimisho

Historia hii haiibatilishi methali, bali inaonyesha inapokomea. Bidhaa ambayo uzuri wake uko wazi kwa jicho huweza kujiuza. Chombo cha muziki hakiko hivyo, kwani kikinyamaza ni ubao na nyaya tu. Mawakala wa Cleveland walilijua hilo walipouza gitaa pamoja na mwalimu, na Jerry Byrd alilijua alipofungua darasa Honolulu. Kwa hiyo anayetaka kulinda vyombo vya zamani, vya Hawaii au vya Kongo, asiishie kukusanya na kufungia kabatini. Na awatafute wanafunzi mapema, wakati wale wanaojua kupiga bado wako hai.