Kitanda Juu ya Mizigo: Historia Fupi ya Kulala Garini

Najua niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, lakini mwezi huu jioni zangu zote zimeishia kwa fundi seremala badala ya mbele ya kompyuta. Nimekuwa nikijenga jukwaa la mbao nyuma ya Land Cruiser Prado kuukuu: juu kitanda, chini droo mbili za mizigo. Lilipokamilika, baba alikuja kulikagua. Alizunguka gari, akabonyeza godoro, akacheka.

"Mimi nililala hivi miaka 22 kwa sababu ya kazi. Wewe umenunua mbao ili ulale hivi kwa hiari?"

Baba alikuwa dereva wa trela, njia ya Mombasa hadi Kampala. Kicheko chake kilinifanya nifuatilie historia ya jambo hili, na sikuhitaji kwenda mbali. Kwetu ni Amagoro, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Malaba.

Tuanze na baiskeli. Kule Busia, kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, msafiri aliyeshuka kwenye gari upande mmoja ilibidi afike upande wa pili na mizigo yake. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa pale walichukua keria ya baiskeli, chuma kilichoundwa kubeba mizigo, wakakifunga mto juu yake na kuanza kubeba watu. Wakaita "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka. Leo neno hilo linajulikana Afrika Mashariki nzima, na baiskeli imekuwa pikipiki. Mimi nauhesabu mto ule kuwa ukoo wa kitanda changu. Ni wazo lile lile: sehemu ya mizigo ikiongezewa kitu laini, inakuwa sehemu ya mtu.

Upande wa magari ya porini, hadithi inaanzia baada ya Vita Kuu ya Pili. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, hivyo bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, na paneli zake nyingi zilikuwa bapa ili zikunjwe kwa urahisi. Toyota nao walitoa gari lao la kwanza la aina hiyo mwaka 1951, na jina la Land Cruiser likafuata mwaka 1954. Gari lenye umbo la sanduku ni rahisi kuliongezea kitu. Kampuni ya Martin Walter ya Folkestone, Uingereza, ilichukua Land Rover ndefu ikaitia vitanda na paa la kuinuka, ikaiuza kwa jina la Dormobile. Hilo lilikuwa gari la mwenye nafasi na likizo.

Dereva wa lori hakuwa na likizo. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900, na sababu ya kulala garini ilikuwa moja tu: mzigo hauachwi peke yake. Ukienda kulala gesti, ukirudi utakuta turubai imechanwa au tangi la dizeli limenyonywa. Baba anasema alipoanza, kabini yake haikuwa na kitanda. Yeye alijikunja juu ya viti, na taniboi alilala chini ya trela. Baadaye alipewa lori lenye kitanda nyuma ya viti. Alikuwa akipitisha mkanda kwenye mikono ya milango yote miwili na kuukaza, ili mtu asifungue kutoka nje. Chini ya godoro aliweka karatasi za forodha, juu ya ndoana akatundika tochi.

Zamani pale Malaba gari lilikaguliwa upande wa Kenya, kisha likakaguliwa tena upande wa Uganda. Mfumo wa kituo kimoja cha pamoja ulipunguza jambo hilo: gari husimama katika nchi linayoingia tu, na maofisa wa nchi zote mbili wako hapo. Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi Februari 2018. Kwa muda baba alianza kulala nyumbani mara nyingi zaidi.

Halafu ukaja mwaka 2020. Madereva walipimwa Korona mpakani wakasubiri majibu, na mwezi Mei foleni ya malori ikanyooka makumi ya kilomita. Ilipita Amagoro. Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu vyuo vilikuwa vimefungwa. Trela la baba lilisimama mahali ambapo ningeweza kutembea kutoka mlangoni kwetu kwa dakika kumi. Hakuja nyumbani. Aliogopa kutuambukiza, na mzigo haukuwa wake. Kila jioni nilimpelekea chakula, naweka kontena juu ya ngazi ya kabini, narudi nyuma hatua kadhaa, yeye anafungua mlango. Tulizungumza hivyo siku nne, yeye ameketi ukingoni mwa kitanda chake, mimi nimesimama barabarani. Mwaka uliofuata aliacha kazi.

Sasa turudi kwenye mbao. Toleo langu la kwanza lilikuwa na kosa ambalo mtu aliyesoma sayansi ya kompyuta anapaswa kuona aibu nalo. Waliosoma wanajua muundo wa rundo: ulichoweka mwisho ndicho unachotoa kwanza. Mimi niliweka jeki na spana ya magurudumu chini kabisa, kisha droo, kisha kitanda, kisha godoro. Nilipata pancha usiku, mvua inanyesha, na ilibidi nitoe kila kitu nje kwenye tope. Baba hakucheka siku ile. Alisema, "Kitu cha dharura hakilali chini ya mtu."

Toleo la pili nililijenga kwa ushauri wake:

- Jeki, spana na kizima moto viko pembeni, vinafikiwa bila kugusa godoro.
- Vitu vizito viko chini na karibu na katikati ya gari. Ukivipandisha juu, gari linayumba konani.
- Fremu imefungwa kwa bolti kwenye matundu ya viti vya nyuma vilivyotolewa. Jukwaa lisilofungwa huja mbele nawe ukipiga breki.
- Dirisha huachwa wazi kidogo, na jiko la makaa haliingii ndani kamwe, hata likiwa linakaribia kuzima. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na mtu aliyelala haamki.

Hilo la mwisho baba alilirudia mara tatu. Kisha akavua viatu, akapanda, akajinyoosha juu ya godoro. Aliuliza nimepima urefu gani. Nikamwambia sentimita 185.

"Yangu ilikuwa fupi," akasema, akafumba macho.

Wiki ijayo tutarudi kwenye hifadhidata, ahadi ni deni.