Ripota Dickens na genge lake la hadithi

Ndugu zangu, nimekuwa kimya wiki mbili. Mliokuwa mkifuatilia hadithi yangu ya kila Jumapili mnajua sababu: imekatwa. Gazeti lililokuwa likiichapa limeona nafasi ile iende kwa tangazo, nami nikaambiwa kwenye korido, tena kwa upole kabisa, kwamba sehemu ya saba isubiri. Isubiri mpaka lini? Hakuna aliyenijibu. Wasomaji wananipigia kuuliza yule binti aliyeachwa stendi ya Msamvu usiku kaishia wapi, na mimi sina pa kumpeleka.

Sasa badala ya kukaa kulalamika, nikarudi kwa mzee mmoja niliyemsoma chuoni kwa ajili ya mtihani tu: Charles Dickens. Siku zile nilijua majina ya wahusika wake. Sikujua kwamba alikuwa ripota kama mimi, na kwamba sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kugombana na watu wenye magazeti, mpaka alipoamua kufungua lake. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia leo.

Alizaliwa mwaka 1812, Portsmouth, Uingereza. Alipokuwa na miaka 12 baba yake alifungwa kwa deni, na mtoto akapelekwa kiwandani kubandika lebo kwenye chupa za rangi ya viatu kwa shilingi sita kwa wiki. (Ndiyo, shilingi. Hii yetu ilitoka huko huko.) Baadaye akajifunza hatimkato, akawa mwandishi wa habari za Bunge, na mwaka 1834 akaajiriwa na gazeti la Morning Chronicle. Alitumwa mikoani kufuata hotuba za wanasiasa, na alipozeeka alipenda kusimulia jinsi alivyokuwa akinakili maelezo yake usiku ndani ya gari la farasi linalokimbia, karatasi kaiweka juu ya kiganja, taa mkononi. Mwenye kuwahi kuandika habari ndani ya daladala akiwahi muda wa mhariri anaelewa.

Hadithi yake ya kwanza aliitumbukiza jioni kwenye sanduku la barua la jarida moja, kwenye uchochoro wa giza karibu na Fleet Street, huku mikono ikimtetemeka. Ikatoka Desemba 1833. Malipo? Sifuri. Hata jina halikuwekwa. Lakini aliponunua nakala na kuiona imechapwa, ilibidi aingie ndani ya Westminster Hall akae humo karibu nusu saa, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi na hakutaka watu wa barabarani wamwone. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza.

Miezi michache baadaye akaanza kutumia jina la Boz. Lilikuwa jina la utani la mdogo wake, lililoharibiwa kwa kutamkwa puani. Watu walimjua Boz kabla ya kumjua Dickens.

Halafu ikaja bahati. Mwaka 1836 wachapishaji Chapman na Hall walikuwa na mchoraji, Robert Seymour, aliyetaka kutoa picha za kuchekesha za wawindaji na wavuvi wasiojua kazi, na wakatafuta kijana wa kujaza maneno chini ya picha. Yaani Dickens aliitwa kuwa nyongeza! Akiwa na miaka 24, na harusi iko mlangoni, akakubali, lakini akasema picha ndizo zitafuata hadithi, siyo hadithi kufuata picha. Seymour, ambaye alikuwa na matatizo yake, alijiua kabla toleo la pili halijatoka. Kazi ingeweza kufa hapo. Dickens akaibeba.

Hadithi yenyewe ni The Pickwick Papers. Ilitoka kila mwezi, kijitabu kwa shilingi moja. Toleo la kwanza zilijalidiwa nakala kama 400 tu. Kufikia sehemu ya 15 zilikuwa 40,000. Kulitokea nini katikati? Mojawapo ni mhusika mmoja, Sam Weller, msafisha viatu wa nyumba ya wageni, mcheshi, anayeongea Kiingereza cha mitaani London. Aliingia sehemu ya nne na watu wakampenda papo hapo. Lakini kuna hesabu pia. Riwaya mpya wakati ule ilitoka kwa juzuu tatu, bei yake shilingi 31 na peni sita. Karani hawezi. Shilingi moja kwa mwezi anaweza, na asiyeweza anachangia na wenzake, mmoja anasoma wengine wanasikiliza. Ndani ya vijitabu hivyo kulikuwa na kurasa za matangazo ya biashara, na msomaji hakukasirika, kwa sababu tangazo lilikuja pamoja na hadithi, halikuja mahali pa hadithi. (Nimeandika sentensi hiyo kwa raha kidogo, mnisamehe.)

Wachapishaji walipata fedha nyingi kuliko yeye, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mwaka 1837 akawa mhariri wa jarida la Bentley, akichapa humo Oliver Twist. Mwenye jarida alikuwa akiingilia maamuzi ya mhariri wake. Wakavutana miaka miwili, Dickens akaondoka mwaka 1839 akimwita yule bwana jambazi wa Burlington Street, mtaa zilipokuwa ofisi zake.

Basi, mwaka 1840 akajaribu la kwake: Master Humphrey's Clock, la kila wiki, peni tatu. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi. Mzee mmoja na rafiki zake wanakaa karibu na saa kubwa ya ukutani, wanasimuliana visa vifupi, leo hiki kesho kile. Jina la Boz lilikuwa limeshapaa, kwa hiyo toleo la kwanza liliuzwa nakala karibu 70,000. Akashangilia. Wiki zilizofuata mauzo yakaporomoka. Wasomaji walinunua wakitegemea hadithi ndefu ya kuendelea, wakakuta mzee na saa. Dickens hakukaa kuwalaumu. Alichukua kisa kimoja kifupi cha humo, cha msichana na babu yake, akakirefusha kikawa riwaya nzima, The Old Curiosity Shop, akawaweka wale wazee pembeni. Mauzo yakafika kama 100,000.

Hapa nilijifikiria sana. Nilikuwa nimepanga nikianza kujitegemea niweke insha kidogo, mashairi kidogo, maoni ya siasa, na hadithi pale katikati kama kitoweo. Dickens mwenye jina lile lilimshinda.

Kuna adha nyingine alizopitia ambazo tunazijua vizuri. A Christmas Carol ilitoka Desemba 1843, nakala 6,000 zikauzwa kabla ya Krismasi, lakini kwa kuwa aling'ang'ania karatasi nzuri na picha za rangi, alitegemea kupata pauni 1,000, akapata kama 230. Wiki chache baadaye maharamia wakatoa toleo lao la bei poa. Akawashtaki. Akashinda! Wale jamaa wakatangaza kufilisika, na gharama za kesi, pauni 700, zikamwangukia yeye. Mwandishi wa hapa ambaye kitabu chake kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila yeye kupata senti anaweza kucheka au kulia, achague.

Genge lake halisi lilifunguliwa tarehe 30 Machi 1850. Household Words, jarida la kila wiki, kurasa 24, peni mbili, bila picha. Safari hii alikuwa na nusu ya hisa, na akawa mhariri kwa mshahara wa pauni 500 kwa mwaka. Makala hazikuwa na majina ya waandishi. Jina moja tu lilionekana juu ya kurasa, toleo baada ya toleo: linaongozwa na Charles Dickens. Ubinafsi? Mimi naona ndiyo. Ila lilifanya kazi. Msomaji alijua anaingia nyumbani kwa nani. Mwaka 1854 mauzo yalipoanza kulegea, mwenye nyumba akaandika Hard Times kwa vipande vya kila wiki, yakapanda tena.

Lakini kuwa na mlango wako kuna hatari yake. Mwaka 1858 aliachana na mkewe Catherine, mama wa watoto wake kumi, na maneno yakazagaa mjini. Dickens akachukua ukurasa wa mbele wa Household Words, tarehe 12 Juni, akajitetea hadharani. Wengi hata hawakuwa wamesikia habari hiyo mpaka yeye alipoitangaza! Wabia wake walikuwa pia wenye jarida la Punch, ambalo halikuchapa maelezo yale, naye akaona amesalitiwa. Ubia ukavunjika. Ananiudhi hapa, siwezi kuficha. Mke hakuwa na jarida la kujibia.

Hatua zilizofuata ni za mtu anayejua biashara. Tarehe 30 Aprili 1859 alizindua All the Year Round. (Jina alilolitaka kwanza lilimaanisha "amani ya nyumbani", mpaka rafiki yake John Forster alipomkumbusha kilichotokea mwaka uliotangulia.) Alilitangaza kwa mabango na vipeperushi kwa wingi. Jina la jarida la zamani lilipopigwa mnada alilinunua mwenyewe kwa pauni 3,550 ili wabia wake wasilitumie. Toleo la kwanza kabisa lilifunguliwa na riwaya yake mpya, A Tale of Two Cities. Na angalia ujanja huu: toleo la tarehe 26 Novemba lililobeba mwisho wa riwaya hiyo ndilo lililobeba mwanzo wa The Woman in White ya rafiki yake Wilkie Collins. Msomaji anamaliza moja, bado machozi hayajakauka, ameshanaswa na nyingine. Hakumpa hata wiki moja ya kuondoka.

Mwaka uliofuata alimwamini Charles Lever, mwandishi mwenye jina, akampa nafasi ya mbele. Hadithi ikapooza, wasomaji wakaanza kupungua wiki hadi wiki. Dickens alikuwa na wazo alilopanga kulitoa polepole, kila mwezi, kwa vijitabu ishirini. Akalikatiza mpango, akalifupisha, akaliingiza jaridani tarehe 1 Desemba 1860. Hiyo ndiyo Great Expectations, ambayo wengi wanaiona kazi yake bora kuliko zote. Iliandikwa hivyo ilivyo kwa sababu genge lilikuwa linakosa wateja.

Na bado hakuridhika na karatasi. Tangu 1858 alikuwa akisoma hadithi zake mbele ya watu kwa kiingilio, akaigiza kila sauti. Kumbi zilijaa. Safari ya Marekani ya 1867 na 1868 ilimpatia karibu pauni 19,000. Ilimmaliza pia. Mwaka 1869 aliongeza kipande cha mauaji kutoka Oliver Twist, mapigo ya moyo yakipanda kila akikisoma, daktari akamsimamisha katikati ya ziara. Akarudi jukwaani kuaga, mara ya mwisho Machi 1870. Alifariki tarehe 9 Juni mwaka huo, miaka 58, akiwa ameandika sehemu sita kati ya kumi na mbili za hadithi ya upelelezi kuhusu kijana aliyepotea, Edwin Drood. Mpaka leo watu wanabishana nani aliyemuua.

Hapa kwetu Ben Mtobwa, naye mwandishi wa habari, alianzisha Heko Publishers, na Dar es Salaam Usiku ikatoka humo mwaka 1990. Alifariki 2008. Habari zake nitaziandika peke yake, zinastahili.

Sasa kuhusu yule binti wa Msamvu. Nimemwambia mhariri wangu kwamba sehemu ya saba haitasubiri tena, na habari za mahakamani nitaendelea kumpelekea kama kawaida. Hakufurahi, hakukataa. Ipo tayari, na ya nane nimefika nusu. Ijumaa jioni mtaikuta hapa.