Vyeo vya Makabaila wa Uingereza katika Bonde la Ufa

Miongoni mwa walowezi walioshika ardhi ya Nakuru na Naivasha katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 walikuwamo makabaila wa Uingereza, na historia ya koo zao inaonyesha jinsi cheo kilivyotolewa, kilivyorithiwa na kilivyokoma. Madaraja yao ni matano, kuanzia la juu: duki, makisi, eli, vaikaunti na baroni. Cheo hutolewa na mfalme kwa hati ambayo hutaja pia nani atakayekirithi, kwa kawaida mwana wa kiume mkubwa, na kati ya wenye daraja moja huangaliwa kwanza ufalme uliokitoa, kwa kuwa vyeo vya England hutangulia vya Uskoti, kisha mwaka kilipoanzishwa.

Hugh Cholmondeley, aliyefungua mashamba Njoro na baadaye Soysambu, alikuwa Baroni Delamere wa 3, mwenye cheo kilichoundwa mwaka 1821, naye alikirithi mwaka 1887 akiwa na umri wa miaka 17. Ingawa aliwaongoza walowezi wa Kenya, ukubwa wa mashamba yake haukumpandisha hata daraja moja. Jirani yake Maurice Egerton, Baroni Egerton wa 4, ambaye mwaka 1939 alianzisha shule ya kilimo iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton, alifariki mwaka 1958 bila mtoto, na kwa kukosa mrithi wa kiume cheo cha mwaka 1859 kikafa pamoja naye.

Nguvu ya hati huonekana zaidi kwa Josslyn Hay, Eli wa Erroll wa 22, aliyekuwa na makazi kando ya Ziwa Naivasha na kuuawa karibu na Nairobi Januari 1941. Cheo cha Erroll, cha Uskoti tangu karne ya 15, kiliweza kurithiwa na mwanamke, hivyo kikamwendea binti yake Diana, pamoja na wadhifa wa Konstebo Mkuu wa Uskoti ambao humtanguliza mwenyewe huko mbele hata ya maduki. Lakini ubaroni wa Kilmarnock wa mwaka 1831, uliowekewa wanaume tu, ulikwenda kwa Gilbert, ndugu wa Josslyn.

Katika miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni iliwahamishia Olenguruone, kwenye miinuko ya Mau, Wagikuyu walioondolewa kwingineko. Wao waliihesabu ardhi hiyo kuwa githaka, yaani mali ya ukoo inayorithishwa watoto, ilhali serikali iliwahesabu kuwa wapangaji waliofungwa na kanuni zake. Wakazikataa, wakala kiapo cha umoja, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa. Taji lililolinda kwa maandishi urithi wa vizazi vya makabaila ambavyo havijazaliwa lilikataa kumtambulia mkulima urithi wa shamba alilolilima, na historia ya makabaila wa Nakuru haikamiliki bila kusimuliwa pamoja na ile ya Olenguruone.